Noah, breki za nyuma: kabla hujanunua breki shuu, nusa kwanza

Mkuu, umeandika kwamba Noah yako, ile ya zamani yenye difu (lile kasha la gia linalozungusha magurudumu) nyuma, hendibreki inapanda hadi juu, ukikanyaga breki nyuma kunakwaruza, na ringi ya kushoto imelowa weusi kwa ndani. Fundi kakwambia nunua breki shuu, vile vipande vinavyobana dramu kwa ndani. Usitoe hela kwanza. Mimi nilitoa mara mbili ndani ya miezi minne, gari kama hiyo hiyo, hapa hapa Tanga.

Mara ya tatu nikaenda kwa mzee mmoja Ngamiani, hana gereji, ana jeki na kipande cha turubai. Tairi ikatoka, dramu (ngoma ya breki) ikagoma kutoka. Hakugusa nyundo. Alihakikisha hendibreki imeshushwa, akatafuta bolti mbili za milimita 8, akazifunga kwenye yale matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa dramu, robo huku, robo kule, mpaka ikasogea yenyewe. Ndani kulikuwa kama sufuria ya maandazi. Akapitisha kidole, akanisogezea puani.

"Nusa, mwanangu."

Harufu ya kiberiti, nzito, inakera koo.

"Hiyo siyo ya breki. Hiyo ya difu. Wewe ungebadilisha shuu mpaka uzeeke."

Hapo ndipo penye kesi yako. Oili ya difu ni nzito na inanuka. Oili ya breki ni nyepesi, haina harufu hiyo, na ikidondokea rangi ya gari inaibandua. Ukibaki na shaka, dondoshea kidogo kwenye kikombe cha maji: ya difu inaelea, ya breki inachanganyika na maji.

Kama ni ya difu, imepita kwenye sili ya ekseli, ile raba inayozuia oili isitoke kwenye mhimili wa gurudumu. Lakini mimi sili nilishabadilishiwa ile mara ya pili, na bado ikavuja. Mzee akauliza natembelea wapi. Nikamwambia Muheza kupanda Amani, na msimu wa mvua yale matope mekundu mnayajua. Akaingia chini ya gari, akarudi na kipumulio, kile kidude kidogo kinachokaa juu ya kasha la difu. Kimeziba udongo kama kichuguu. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili, hata iwe mpya ya jana. Tukakisafisha, tukaweka sili nyingine na breki shuu mpya pande zote mbili (zilizolowa oili hazioshwi zikarudi, asikudanganye mtu), na mpaka leo ringi kavu.

Kama ni ya breki, basi funua kidogo raba ya vumbi ya wili silinda, kile kidude ndani ya dramu kinachosukuma breki shuu. Pakiwa na majimaji, raba za ndani zimekwisha. Wapo mafundi wanaosafisha pale kwa petroli au dizeli. Mkataze, raba za breki zikikutana na mafuta hayo zinavimba. Ukishabadilisha raba lazima kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mabomba ya breki, uanzie gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki). Kwa gari zetu za usukani wa kulia ni nyuma kushoto. Tumia chupa mpya ya oili ya breki. Ile nusu iliyobaki stoo tangu mwaka jana imeshanyonya unyevu, na kwa hewa ya Tanga ndiyo kabisa.

Kuhusu hendibreki kupanda juu: wengi wanakimbilia kukaza kebo. Ni makosa. Kwanza ajasta, ile skrubu ya kusogeza breki shuu iliyo ndani ya dramu, uizungushe mpaka tairi ukiizungusha kwa mkono usikie mkwaruzo hafifu, kama kucha kwenye msasa. Kebo mwisho kabisa. Na ajasta ya kushoto usiipeleke kulia, nyuzi zake zimegeuzwa. Ukizibadilisha upande zitakuwa zinalegeza badala ya kukaza, halafu utarudi hapa kulalamika.

Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kompresa, baadhi ya breki shuu za zamani zina asbesto. Mwagia maji.

Jambo jingine dogo. Kama unalaza gari nje upande wa Raskazone, ule mkwaruzo wa asubuhi unaoisha baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu ni kutu ya usiku tu, achana nao. Unaoendelea hadi Chumbageni ndio wa kufungulia dramu.

Ukimaliza, jaribu polepole kwenye barabara tupu iliyonyooka. Ule mteremko wa Lushoto kushuka Mombo uache wiki ya kwanza, breki shuu mpya hazijalala vizuri kwenye dramu.

Fungua kesho, weka picha ya kipumulio, na utuambie kwenye kikombe imeelea au imechanganyika.