Fani unayoipenda au yenye ajira? Jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeuliza ufuate fani unayoipenda au ile yenye ajira, tena umesema maombi unayotuma hayajibiwi. Nimepita hapo, nakujibu kwa niliyoyaona.

Jina la fani lisikushughulishe sana, maana halisemi siku yako kazini itakuwaje. Mimi ni mhasibu. Nilianza kwenye ofisi kubwa ambayo wenzangu wote waliitamani, kazi yangu ikawa kuhakiki safu zilezile za tarakimu ambazo sikujua zinatoka wapi wala zinaishia kwa nani. Nilichoka kwa namna ambayo hata usingizi hauiondoi. Kisha nikahamia ofisi ndogo. Uhasibu ni uleule, lakini huku hesabu za mteja nazishika kuanzia risiti ya kwanza hadi mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya biashara, napanga mwenyewe nianze na lipi, na mwenye biashara ananiambia papo hapo kama taarifa yangu imemsaidia. Kazi hii naipenda kwa dhati.

Richard Hackman na Greg Oldham, watafiti wa Marekani, waliyaeleza haya miaka ya 1970: mtu huridhika akitumia stadi mbalimbali, akifanya kazi nzima badala ya kipande, akiona ina faida kwa wengine, akiwa na uhuru wa kuamua, na akijua matokeo ya alichokifanya. Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, uliza. Nani anapanga kazi za siku? Nitajuaje kama nimefanya vizuri? Mwajiri makini hachukizwi na maswali hayo, na anayechukizwa amekwisha kukujibu.

Sasa nafasi zenyewe. Matangazo yasome, ila usiishie hapo. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba wengi waliopata kazi kupitia watu hawakuambiwa na marafiki wa karibu, bali na watu waliokuwa wakionana nao mara mojamoja au kwa nadra. Ukifikiri inaingia akilini: rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari za ile ofisi ndogo nilizipata kwa mtu tuliyekutana naye kwenye mafunzo tu, hata urafiki hatukuwa nao.

Watu wa namna hiyo waandikie. Usiombe kazi, omba dakika chache akueleze siku yake inavyokwenda, kipi kinamchosha, na ujuzi gani wanaukosa ofisini kwao. Mkimaliza, muulize nani mwingine unaweza kuzungumza naye. Swali hilo la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote.

Kama mahitaji yanakubana, chukua kazi iliyopo, hakuna aibu. Ila zikiwa mbili, chagua ile itakayokuachia kitu cha kumwonyesha mwajiri mwingine.

Tuandikie umesomea nini, na ni sehemu gani ya mafunzo uliyokuwa ukiifanya bila kusukumwa. Humu kuna watu wa fani nyingi, na wengine wako tayari kuzungumza nawe.