Pampu ya insulini: sindano zinaisha kweli?

Mkuu umeuliza ukiacha sindano ukaanza kuvaa pampu kama utasahau mambo ya kisukari, na jamaa mmoja kakujibu "ile ni kongosho ya nje, inajiendesha yenyewe". Mimi nina aina ya 1 na pampu naivaa muda sasa, hilo jibu ni nusu tu.

Kweli kuchomwachomwa kunapungua sana. Kalamu ya insulini ni kuchoma mara nne tano kwa siku, pampu unachoma mara moja unaacha kanula chini ya ngozi, kamrija laini ka plastiki, siku mbili tatu ndo unabadilisha. Zipo zenye mrija unaotoka kwenye kidude cha mfukoni, zipo za kubandika kama Omnipod, ile unajaza hadi yuniti 200, siku 3 zikiisha unatupa. Mi nachopenda kuliko vyote ni dozi ndogondogo: kalamu inapima yuniti nzima au nusu, pampu inashuka hadi 0.05, na unaipangia itoe kidogo usiku wa manane halafu iongeze alfajiri pale sukari inapojipandia yenyewe hata hujaamka. Insulini ya muda mrefu, ile ya sindano inayofanya kazi siku nzima, ukishaichoma umechoma, huwezi kuipunguza.

Sasa hapa ndo penyewe. Ndani ya pampu kuna insulini ya haraka TU, ile ya muda mrefu unaachana nayo, kwa hiyo mwilini huna akiba. Kanula ikipinda au plasta ikibanduka kwa jasho, masaa machache tu insulini imekwisha mwilini na ketoni, zile tindikali zinazotokea mwili ukikosa insulini ukaanza kuchoma mafuta, zinaanza kujaa kwenye damu. Mwenzako wa sindano akisahau dozi ya chakula sukari itapanda ndiyo, ila ile ya muda mrefu bado inamshikilia, wewe huna cha kukushikilia. Na alamu usiitegemee sana, mrija ukiziba italia, lakini kanula ikichomoka nusu insulini inavujia juu ya ngozi, pampu inajua imetoa vizuri na inakaa kimya kabisa. Mimi huwa nanusa. Insulini ina harufu yake ile ya dawa dawa, ukiisikia karibu na plasta halafu ukigusa pamelowa, hapo hakuna mjadala, ng'oa weka nyingine.

Sukari ikipita 14 (mmol/L), nimepiga dozi ya kurekebisha na baada ya saa moja mbili haijashuka, dozi inayofuata naichoma kwa kalamu sio kwa pampu, kisha nabadilisha kanula na sehemu, napima ketoni, nakunywa maji mengi. Ukiona unatapika au ketoni ziko juu, hospitali moja kwa moja, usisubiri kukuche. Kwa hiyo kalamu haitoki kwenye begi langu hata siku moja, na wewe jiandae hivyo hivyo.

Hilo la kujiendesha lipo, kuna pampu zinazoongea na sensa ya sukari, kidude unachobandika kwenye ngozi kinapima muda wote, MiniMed 670G ndo ilitangulia kuidhinishwa Marekani mwaka 2016, zinaongeza na kupunguza insulini zenyewe. Ila chakula bado unaiambia wewe, nyingi zinataka gramu za wanga, tena kabla hujala. Na sensa haipimi damu, inapima majimaji ya chini ya ngozi kwa hiyo inachelewa dakika kadhaa, unaweza ukawa unatetemeka kabisa na skrini inakwambia uko poa. Hapo toboa kidole upime.

Mengine madogo: hama sehemu kila ukibadilisha, ukikomaa palepale panavimba mafuta na dawa hainyonywi vizuri. Insulini ya friji iache ipoteze ubaridi kabla ya kujaza, la sivyo mapovu yatakusumbua. Ukienda kupigwa MRI unavua. Kulala nayo utazoea, watu wanalikuza tu hilo.

Siku unapewa pampu mwombe daktari akuandikie kabisa dozi ya kurudia kwenye sindano, hasa ile ya muda mrefu, maana pampu ikizima usiku sio muda wa kuanza kupiga hesabu. Na hiyo kalamu ya akiba uwe unaicheki tarehe, kitu kisichotumika kinaexpaya kwenye friji na hakuna anayejua.