Ruzuku na sauti ya madiwani wa Moshi

Ndugu, umeuliza kwa nini madiwani wa Manispaa ya Moshi, tuliowachagua wenyewe, husubiri Dodoma kabla ya kuamua. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, na kodi ya majengo ilipohamishiwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mwaka 2016, halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu, ambayo sehemu yake kubwa ni mishahara ya walimu na watumishi wa afya, na huja ikiwa imekwisha kupangiwa matumizi. Mkurugenzi wa Manispaa, mtendaji mkuu wa halmashauri, naye huteuliwa na Rais, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko fedha zenyewe. Nafasi ya madiwani iko kwenye mapato ya ndani, kama ushuru wa Soko la Mbuyuni, na hata hapo sheria hutenga asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.