Usiibomoe kwa nyundo, ifungue

Ndugu, umesema unataka kubomoa nyumba ya zamani ujenge mpya, fundi anataka kila kitu kiende jalalani, nawe roho inakuuma. Fundi anakuharakisha tu.

Kwanza, lazima ubomoe yote? Msingi na kuta zikiwa imara, kuzibakiza ndiyo akiba kubwa kuliko zote. Saruji pekee huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa (ile inayoongeza joto duniani) inayotokana na binadamu, na zaidi ya nusu yake haitoki kwenye moto wa tanuri bali kwenye jiwe la chokaa lenyewe linapochomwa.

Ikibidi kubomoa, anza juu: bati, kenchi, milango na madirisha, kuta mwisho. Tofali zilizojengwa kwa udongo au chokaa husafishika kwa kugongwa kidogo tu. Zilizojengwa kwa saruji mara nyingi hupasuka zenyewe kabla saruji haijaachia. Hizo ponda, ujazie chini ya sakafu. Mbao ng'oa misumari yote. Mimi niliacha mmoja, ukala meno ya msumeno wa seremala, nikalipa.

Paa likiwa la asbesto (yale ya zamani ya saruji yenye nyuzi za madini), usilivunje wala kulikata. Ita wenye kibali cha kuliondoa, vumbi lake husababisha saratani. Nondo na mbao kuukuu pia usizirudishe kwenye nguzo au mihimili kabla mhandisi hajazikagua.

Kwenye nyumba mpya, funga mbao kwa bolti na skrubu badala ya gundi, ili siku moja zifunguke.