Umeme Ukirudi, Programu Iwake Yenyewe

Msimu wa korosho, kompyuta ya ghala la Tandahimba au Masasi ndiyo inayopokea kilo kutoka kwenye mizani. Umeme ukikatika ukarudi saa nane usiku, karani amelala. Kwa hiyo anzia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka: chagua mashine iwake kila umeme unaporudi, si irudie hali iliyokuwa nayo. Usipofanya hivyo, mengine yote hapa chini ni bure.

Kisha iambie systemd, sehemu ya Linux inayowasha programu (huziita huduma), iwashe programu ya mizani baada ya hifadhidata ya PostgreSQL. Andika faili `/etc/systemd/system/mizani.service`:

```
[Unit]
After=postgresql.service

[Service]
User=mizani
SupplementaryGroups=dialout
WorkingDirectory=/opt/mizani
ExecStart=/opt/mizani/venv/bin/python app.py
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Endesha `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo systemctl enable --now mizani`. Kwenye Debian na Ubuntu, kundi la `dialout` ndilo lenye ruhusa ya kutumia waya wa mizani, ambao Linux huuona kama `/dev/ttyUSB0`. Bila hilo, programu hainusi kitu, mizani inabaki bubu.

Wengi hunasa kwenye amri iliyokubali vizuri walipoiandika kwa mkono. systemd haisomi `.bashrc` yako, wala haijui folda uliyokuwa umesimama. Nywila ya hifadhidata iweke kwenye faili lake, ulitaje kwa `EnvironmentFile=`, bila neno `export`, na ulifunge kwa `chmod 600`. Huduma ikigoma, `systemctl status mizani` hutoa namba: 203 ni njia ya `ExecStart` imekosewa au faili haliruhusiwi kuendeshwa; 200 ni folda ya kazi haifikiki; 217 ni mtumiaji hayupo, hujamtengeneza.

`RestartSec`, muda wa kusubiri kabla ya kuwasha upya, usiiache. Kawaida yake ni milisekunde 100, na systemd ikiiwasha huduma mara 5 ndani ya sekunde 10 huinua mikono. Hifadhidata ikichelewa kidogo tu, huduma imekufa mpaka mtu aje.

Utaona mafundi wakiongeza `network-online.target`, yaani subiri mtandao uwe tayari, kila mahali, kama chumvi. Hifadhidata ikiwa ndani ya mashine hiyohiyo, achana nayo: mashine isipounganika na mtandao, programu inaweza kuchelewa kuwaka kwa kusubiri mtandao isioutumia.

Saa ndiyo hatari isiyopiga kelele. Raspberry Pi 4 na zilizotangulia, kompyuta ndogo za bei nafuu, hazina saa yenye betri, kwa hiyo zikiwaka bila intaneti huandika mzigo wa leo kwa tarehe iliyopita. Ukiwasha `systemd-time-wait-sync`, huduma inayosubiri saa irekebishwe kwa mtandao, na kuweka `time-sync.target` kwenye `After` na `Wants`, programu husubiri saa sahihi, lakini bila intaneti itasubiri tu. Kwa ghala, nunua kidude cha saa cha DS3231 na betri yake.

Kujaribu: `sudo poweroff`, chomoa waya, subiri dakika, chomeka. Usiguse kibodi. Ingia kwa ssh (kwa mtandao) kutoka kompyuta nyingine, usome kumbukumbu za huduma kwa `journalctl -u mizani -b`.