Anza na kisanduku chenye sharti

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha tuisheni niliandika swali hili ubaoni: kwa tarakimu 0, 1, 2, 3 na 4, bila kurudia, tunaweza kuunda namba shufwa ngapi za tarakimu tatu? Nikaanza kushoto, kama tunavyosoma. Mamia 4, makumi 4, halafu kwenye mamoja nikakwama. Shufwa zilizobaki ni ngapi? Inategemea zilizokwisha kutumika. Nilifuta ubao mara mbili, darasa zima limenyamaza.

Tangu siku ile nawaambia wanafunzi wangu: chora visanduku, kimoja kwa kila nafasi ya tarakimu, kisha anza na kile chenye sharti. Hapa ni mamoja. Lakini sifuri nayo ina sharti lake, haikai kwenye mamia, kwa sababu 042 ni arobaini na mbili tu. Basi gawa kazi. Sifuri ikiwa mwisho, mamia yana chaguo 4 na makumi 3, hizo ni 12. Mwisho ukiwa 2 au 4, mamia yana chaguo 3, na makumi pia 3 maana sifuri sasa inaruhusiwa: 2 × 3 × 3 = 18. Jumla 30.

Namba zote ni 4 × 4 × 3, yaani 48, kwa hiyo uwezekano wa kupata shufwa ni 30/48, sawa na 5/8. Wengi huandika 3/5, kwa kuwa tarakimu tatu kati ya tano ni shufwa. Nawasihi sana, msiifuate njia hiyo. Sifuri ikizuiwa mbele, hujitokeza zaidi nyuma. Ukiwa na shaka, punguza swali hadi uweze kuorodhesha: kwa 0, 1 na 2, namba za tarakimu mbili ni 10, 12, 20 na 21. Shufwa ni tatu kati ya nne, si mbili kati ya tatu.

Kwenye namba ya siri ya simu yenye tarakimu nne mambo hubadilika, maana 0472 inakubalika. Hapo ziko 10,000. Huwa nawauliza: mwizi akiona vitufe vinne vimechakaa, atajaribu mipangilio mingapi? 24. Je, vikiwa vitatu, kimoja kikibonyezwa mara mbili? Karibu wote hujibu kwamba itapungua. Chagua kinachorudiwa, njia 3. Kipe nafasi mbili kati ya nne, njia 6. Viwili vilivyobaki, njia 2. Ni 36.