Je, balagha ilikufa baada ya Sakkaki?

SWALI: Ustadh, asalaam alaykum. Nimemaliza kusoma Al-Balagha al-Wadiha, kitabu cha balagha, yaani elimu ya ufasaha wa Kiarabu. Aina za istiara (sitiari) nazitaja zote, lakini nikisoma aya utamu wake siuoni. Nasikia elimu hii ilikufa mwanachuoni Sakkaki alipoigeuza kanuni. Ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Tuanze na aya, historia itafuata. Nabii Zakaria anasema: "washta'ala-r-ra'su shayba", yaani kichwa kimewaka mvi (Maryam, 4). Najua utajibu: istiara, mvi zimefananishwa na moto. Mwanachuoni wa balagha Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyefariki 1078, aliona jibu hilo limeishia njiani. Katika kitabu chake Dala'il al-I'jaz anahoji: mbona kuwaka amepewa kichwa, mvi zikaja mwisho? Pima kwa Kiswahili. "Moto unawaka nyumbani" huenda ni wa jikoni tu. "Nyumba inawaka moto", hapo majirani wanakimbia na ndoo. Maneno ni karibu yaleyale, ila sasa moto umeenea kila pembe. Ndivyo mvi zilivyokitwaa kichwa chote. Mpangilio huo Jurjani aliuita nadhmu.

Sakkaki (alifariki 1229) aliyapanga hayo katika Miftah al-Ulum, na kupanga si kuua. Qazwini akakifupisha, Taftazani akausherehesha (akaufafanua) muhtasari ule, kisha zikaja hashia, maelezo juu ya ufafanuzi huo. Mimi sikubali kwamba elimu ilikufa. Kwa Taftazani kuna hoja nzito mno. Kilichodhoofika ni dhauki, uwezo wa kuonja utamu wa maneno. Mwanafunzi alibishana miaka juu ya ibara ya Qazwini, huku mashairi yenyewe yamebaki nje ya darasa.

Uhai ulirudi kwa kurudi nyuma. Sheikh Muhammad Abduh aliketi Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo, akasomesha vitabu viwili vya Jurjani, na Rashid Rida akavichapisha, Asrar al-Balagha 1902 na Dala'il 1903. Baadaye Amin al-Khuli, katika Chuo Kikuu cha Cairo, alidai balagha isikomee kwenye sentensi, itazame matini nzima na nafsi ya msikilizaji. Aisha Abd al-Rahman, mwanafunzi wake na mkewe, akaipeleka njia hiyo kwenye tafsiri ya Qur'ani.

Sasa kitabu chako. Ali al-Jarim na Mustafa Amin wameanza kila mlango na mifano, wakaichambua, ndipo wakaweka kanuni. Wanafunzi wetu wengi huiruka mifano, wakahifadhi kanuni kwa ajili ya mtihani. Nadhani ndipo utamu ulipokupotea. (Tahadhari pia na neno kinaya: la Kiswahili cha shuleni silo la Waarabu. Kwao, kumwita mtu "mwenye majivu mengi" ni kinaya cha ukarimu, maana jiko lake halizimi kwa wageni.)

Usiku wa leo soma Surat al-Duha: "ma wadda'aka rabbuka wa ma qala." Kitenzi cha kwanza, "hakukuaga", kina herufi kafu ("-ka", yaani wewe) ya kumtaja Mtume. Cha pili, "wala hakuchukia", hakina. Usikimbilie kusema ni kwa ajili ya vina. Irudishe hiyo kafu, uisome aya kwa sauti, kisha uniandikie ulichosikia.